Sufuria ya Romana Haikuwa na Kosa

Mheshimiwa Diwani, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi, ndugu wageni waalikwa, na wewe Mwalimu Hamida tunayekuaga leo: asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa wangu niliowapita mlangoni bila kuwaamkia, shikamooni.

Mimi ni Saad, muuza vyungu wa hapa Nangurukuru. Najua mnajiuliza, muuza vyungu na mwalimu wa fizikia wapi na wapi?

Mwaka juzi nilivunjika mguu, nikaenda kupigwa picha ya eksirei. Mpigaji akaniambia nivue saa, nitoe na funguo mfukoni. Nikajiambia, kumbe chuma kinakunywa mionzi! Kama saa inakunywa, je, sufuria ya aluminiamu inayoanikwa juani kutwa? Niliporudi nikatangaza stendi nzima kwamba wanaokula vya sufuria wanakula mionzi, chungu ndicho salama. Ndugu zangu, niliuza vyungu! Na Bi Romana, mama lishe wetu aliyesomesha mabinti watatu kwa sufuria zilezile, wali ukawa unamdodea, jioni anagawia majirani. Wiki ya tatu akaanza kutafuta mtu wa kumuuzia meza na mabenchi.

Mwalimu Hamida hakunitukana. Aliazima kipima mionzi kwa watafiti wa madini waliofikia gesti, akaja nacho stendi mchana kweupe. Akakitia ndani ya sufuria ya Romana. Tik... tik... vilevile kilivyokuwa kikilia hewani. "Aluminiamu hii kiini chake kimetulia," akasema, "haina inachotoa." Kisha akakiingiza katikati ya lundo la vyungu vyangu. Tik-tik, tik-tik, tik-tik! Mimi ninayeinadi bidhaa yangu kila siku, siku hiyo nilitamani inyamaze.

Watu wakapiga vigelegele. Nani angemlaumu Mwalimu kama angeishia hapo, nikafukuzwa na vyungu vyangu? Lakini aliinua mkono. "Ngojeni. Udongo una potasiamu, nayo ni metali. Chembe zake chache mno hazijatulia, na hazimdhuru mtu. Potasiamu imo kwenye ndizi mnazokula, imo hata mwilini mwa Saad huyu."

Mke wangu Zuhura akaruka: "Mwalimu, sasa nimhamishie sebuleni?"

"Mionzi yake haina neno, mwanangu. Mchunge mdomo."

Wateja wakarudi kwa Romana, na vyungu vyangu havikususiwa, ingawa nilistahili. Tangu siku hiyo, kila tukionana Mwalimu huniuliza, "Saad, umeshamwomba Romana radhi?" Nami hujifanya nina haraka. Leo anastaafu, anarudi kwao Kiranjeranje. Nani ataniuliza tena?

Bi Romana, najua pilau ya leo umeipika kwenye sufuria zilezile. Nilikukosea mbele ya watu, naona aibu, na mbele ya watu nakuomba unisamehe. Ukinisamehe, sahani ya kwanza nipakulie mimi, tena nikwangulie ukoko, ule ulioshikana kabisa na sufuria.

Mwalimu, nimeshamwomba. Nanyi nyote ahsanteni kwa kunivumilia, naona Bi Romana ameshashika upawa.