Damu ya Kugeukia Ukuta

Ndugu zangu wa chama chetu cha kuzikana, leo sikusimama kutangaza msiba. Nimesimama kueleza habari zangu mwenyewe, na zinatia kinyaa, nawaambia mapema.

Babu yangu alipofiwa na mkewe alilala, akageukia ukuta, hakuinuka tena. Baba naye, nzige walipomaliza mtama wake, alilala vivyo hivyo mpaka tukamzika. Basi nguruwe walipofukua shamba langu lote la mihogo, ile tuliyoamrishwa na Bwana Shauri, yule mzungu wa wilaya, tuipande, nami nikaingia ndani nikageukia ukuta. Hakuna aliyeshangaa. Mlisema, "Damu yao hiyo," mkamwambia mke wangu avumilie.

Nililala mwezi mzima bila kuoga. Shuka lilinuka mpaka kuku wakaacha kuingia chumbani. Na mimi, astaghafirullah, nilijiona mtu wa maana, namfuata baba! Binti yangu wa pekee akaanza kuacha chakula, akishinda mlangoni ananitazama. Jirani akasema huyo naye keshairithi ile damu.

Ndipo akaja mtani wangu, yule mama msiyemweza kwa mdomo. Mnajua mtani haji kukupa pole. Mke wangu alikuwa amemweleza ninavyonung'unika. Alitandika mkeka chini, akalala, akageukia ukuta, akaanza kulia kwa sauti yangu:

"Nguruwe wamekula mihogo. Basi shamba limekwisha. Basi Mungu hanitaki. Basi mtoto atakufa njaa. Basi bora nitangulie mimi."

Binti yangu alicheka. Mimi niligeuka kumtazama. Yalikuwa maneno yangu yale yale niliyokuwa nikiyatafuna kutwa, na sikuwahi kuyasikia nje ya kichwa changu. Nguruwe walikula mihogo, kweli. Hayo mengine niliyaongeza mwenyewe, na kwa hayo nilikuwa namuua mtoto.

Nikatoka kuoga. Kesho yake nikapanda mihogo upya, huku nalia.

Damu ya baba ninayo bado. Asubuhi nyingine mwili unakuwa mzito na zile basi, basi zinaanza. Naikatiza ile ya kwanza, nainuka hivyo hivyo nimenuna.

Namshukuru mtani wangu. Namshukuru mke wangu. Nyinyi mliopita mlangoni kwangu mmeziba pua, siwashukuru, na sioni haya kusema. Maana tangu juzi mwenzetu mmoja amejifungia ndani, na nimewasikia mkitaja ukoo wake. Tukitoka hapa twendeni kwake wote, angali hai.