Dawa Isiyouma

Kwenye benchi la Isihaka muuza kahawa, pale Mlandege, hapakuwa na jambo lililoshindikana kujadiliwa, maana hapakuwa na aliyelijua hata moja. Asubuhi hiyo Muharami alipita akitoka hospitali ya misheni, chupa ya dawa mfukoni. Nyumbani mwanawe Siwema alikuwa kalala na homa ya mapafu. Daktari alikuwa akijaribu dawa mpya: nusu ya watoto wachomwe sindano, nusu wanywe, aone kama ya kunywa inatosha. Siwema aliangukia kwenye kunywa. Muharami akaketi kidogo apoze roho, na kwa Isihaka hakuna aliyewahi kuketi kidogo.

— Ya kunywa? — aliuliza Dresa, aliyewahi kufagia zahanati akatoka na cheo cha udaktari alichojipa. — Umedanganywa, bwana. Dawa isiyouma haiponyi. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni sindano hiyo waliyokuwa wanaisema.

— Sasa kwa nini wangu asichomwe? — Muharami aliingiwa na hofu.

— Sindano ni za watoto wa wakubwa — alisema Burma, askari aliyerudi na vita yake akaikalisha benchini. — Sisi kule vitani tulipewa vidonge. Vilikuwa vya kutupima utii.

— Na hii?

— Hii inawapima akina baba. Wanatafuta nani mjinga.

— Lete tuipime sisi — alisema Dresa. — Dawa inajulikana kwa ulimi. Ikiwa chungu, dawa. Ikiwa tamu, sharubati.

Muharami alisita. Lakini mwenye mgonjwa humsikiliza hata mfagiaji, akaitoa chupa. Dresa akamimina kwenye kikombe cha kahawa, akafumba macho kitaalamu.

— Tamu. Ila uchungu unakuja kwa nyuma. Ongeza niuone.

— Haba na haba hujaza kibaba — Burma akajimiminia. — Mbona ina chumvi?

Isihaka akaombwa aonje awe shahidi. Ubishi ukakolea, ikabidi kila mmoja arudie. Muharami naye akaonja, mara mbili, kwa haki ya mzazi.

Ndipo akaja Rozalia, jirani yake, anahema.

— Baba Siwema, mtoto ameamka, homa imepanda. Dawa iko wapi?

Burma aliitazama barabara ya Ipogolo. Dresa alikichungulia kikombe chake. Isihaka alitikisa birika, nalo halikuwa na kitu.

Muharami aliipindua chupa kiganjani. Halikudondoka hata tone. Mdomoni dawa ya mwanawe ilikuwa bado tamu.