Mji Ulioacha Kuuliza Karatasi

Mbele ya duka la Bi Tahera, kwenye plaza moja ya Rexdale, Toronto, ambako mabasi ya Kipling hupita yakiguna, kuna benchi refu la mbao lililonunuliwa siku kanisa moja lilipofungwa. Ukilikalia unajikuta umenyoosha mgongo kama unasubiri mahubiri, na mahubiri hayakosi. Jumamosi ile ya vuli, mwaka 2014, upepo ulishaanza kuuma masikio, lakini dele la kahawa lilikuwa motoni na wenyewe walikuwepo. Alikuwepo Kamrudin, mhasibu mstaafu kutoka Dar, aliyeitwa Bajeti kwa sababu hakuna serikali duniani ambayo hajaipangia matumizi. Alikuwepo Husein wa Mombasa, dereva wa teksi, aliyeitwa Redio Mbao, na hilo halina haja ya maelezo. Pembeni kabisa alikaa Nicolaus, Mhaya wa Bukoba, ambaye sentensi yake moja hutosha kumaliza kikombe kizima; huyo walimwita Taratibu. Aliishi Dunmore Falls, mji mdogo ulio mwendo wa saa mbili kwa gari, akitunza uwanja wa barafu wa halmashauri, ambako watoto huchezea hoki. Asubuhi ile alikuwa ameendesha akiipanga habari yake kichwani, na sasa alitafuta upenyo wa kuiingiza.

— Jumanne madiwani wetu walikaa, alianza.

— Hapo hapo! Husein akamkata. Usitwambie. Wacha tukisie.

Shauri lenyewe wote walilijua. Mwaka uliotangulia, Toronto ilikuwa imepitisha kwamba mtu akifuata huduma ya jiji, iwe kliniki au maktaba, asiulizwe karatasi za uhamiaji. Sasa diwani mmoja mwanamke wa Dunmore Falls alitaka na mji wao ufanye hivyo. Nusu ya mji iliogopa: serikali ya jimbo ikinuna, itakata ruzuku, na bila ruzuku uwanja wa barafu ungefungwa. Na uwanja ukifungwa, Nicolaus hana kazi.

— Wamekataa, alisema Kamrudin. Lazima. Toronto ni tembo, akipigwa fimbo anadhani ni nzi. Mji mdogo ukipigwa fimbo ileile, unazikwa. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu hapo ni mkuu wa jimbo.

— Mkuu hapo ni mtu mzima tu, Bajeti, Husein alimsahihisha.

— Ndiyo huyohuyo. Kwanza watakata maktaba. Halafu katapila la theluji: litafika mpakani mwa mji, ligeuze.

— Hilo dogo, buda! Husein alisimama kabisa. Mimi nimepakia abiria mkubwa mkubwa, sitaji jina. Kasema miji kaidi yafutwa kwenye ramani. Wawasha simu ikuonyeshe njia, yakwambia: hapa ni shamba la mahindi, rudi nyuma.

— Na treni itapita bila kupiga honi.

— Wallahi watanyimwa hata kiangazi! Baridi Januari mpaka Desemba.

— Basi hapo Taratibu kapata, alisema Kamrudin. Barafu ya bure. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Barafu, je? Unaizoa kwa koleo!

Walicheka mpaka Kamrudin akashika mbavu. Nicolaus naye alicheka kidogo, kwa adabu. Bi Tahera, aliyekuwa akimimina kahawa, alimtazama usoni, akaliweka dele chini kwa kishindo.

— Nyie wanaume mna midomo kama mabomba ya mvua. Mwenye habari yupo, hana nafasi ya kuisema. Nicolaus, kaka yangu, sema.

Nicolaus alikizungusha kikombe mkononi.

— Nilisimama nikaongea, alisema.

Hakuna aliyewahi kumsikia Nicolaus akiongea mbele ya watu zaidi ya wanne, na hao wanne ndio hao.

— Wewe? Husein aliuliza. Mbele ya madiwani?

— Na ukumbi ulijaa. Sikutaka. Lakini kuna mtu nilimwona majira ya baridi, na sikuweza kukaa.

Akawaeleza. Karibu na uwanja wake kuna shamba la uyoga, mabanda marefu yasiyo na madirisha. Jioni moja mwanamke alikuja mlangoni kwake, mkono ameufunga kwa skafu. Nicolaus alimwuliza kwa Kiingereza, akawa anatikisa kichwa tu. Alipojaribu kuifungua ile skafu, mwanamke akalia: "Mungu wangu, mukono yangu inawaka moto!"

— Kiswahili? Bi Tahera alinong'ona.

— Cha Bukavu, Kongo. Miaka sita niko mji ule, sijawahi kukisikia nje ya simu yangu. Mvuke wa kuchemshia mbolea ya uyoga ulikuwa umemwunguza. Alikuja kuomba barafu. Nikamwambia barafu si dawa ya moto, nikamwekea mkono kwenye maji ya bomba. Nikamwambia zahanati ya mji iko hapo ng'ambo ya barabara, twende. Akaniambia, "Apana, baba. Kule bataniuliza makaratasi." Nikamsihi. Akauvuta mkono, akaondoka huku theluji inaanguka.

— Ukamfuata?

— Nilimfuata kesho yake, shambani wakasema hawamjui. Nikaja kuonana naye mwezi wa nne, dukani. Vidole havikunjiki tena. Alikuwa anashika mkate hivi, kwa kiganja na kifua.

Nicolaus alijaribu kuonyesha, kisha akaacha.

— Basi Jumanne wakaanza: ruzuku, ruzuku. Mzee mmoja akasema, mkipitisha hili watoto wetu watacheza wapi? Watu wakapiga makofi. Nikajiona nimesimama. Nikasema, mimi ndiye ninayetengeneza hiyo barafu. Ikikatwa ruzuku, wa kwanza kufukuzwa ni mimi. Kisha nikawaeleza huo mkono. Nikasema, zahanati iko ng'ambo ya barabara na mtu aliona heri aje kwa fundi wa barafu. Kama uwanja wangu unaendeshwa kwa woga wa yule mama, basi ufungwe. Nitatafuta kazi nyingine. Nikakaa. Wala sikumbuki kama niliwashukuru.

Husein alikuwa amekaa bila kujua amekaa saa ngapi.

— Wakasemaje?

— Yule mzee wa watoto akauliza, huyo mwanamke alikuwa na umri gani? Nikamwambia kama binti yako. Akavua kofia, akaiweka magotini. Wakapiga kura. Imepita, kwa kura moja.

Kamrudin alisogea karibu. Alimshika Nicolaus bega, akalibinya. Kisha alisema:

— Mimi nimekaa nchi hii tangu sabini na mbili. Sijawahi kuingia kwenye kikao chochote. Najua bajeti zao zote, na sijawahi kuwaambia kitu.

— Na ruzuku ikikatwa kweli? aliuliza Bi Tahera.

— Ikikatwa, imekatwa, alisema Nicolaus. Wanajua. Wamepiga kura wakijua.

— Mji mdogo huo! Husein alitikisa kichwa. Hata hapa kwetu, jiji limepitisha, na bado wapo wanaouliza. Wale watu wako, Taratibu, wana moyo. Wallahi wana moyo.

Hapo ndipo walipomwona msichana aliyesimama mlangoni na mfuko wa maandazi. Aliitwa Zarina, alikuwa hana hata mwezi tangu afike kutoka Dodoma, na Bi Tahera alimjua kwa sababu alikuwa akija kununua maandazi mawili na kukaa muda mrefu kuliko wanunuzi wa maandazi ishirini. Hakuna aliyewahi kumwuliza anaishi kwa nani.

— Shikamooni, alisema.

— Marahaba, binti. Karibu kahawa.

— Asante. Samahani, nilikuwa nasikia. Hao wa shambani… wao wameambiwa na nani?

— Wameambiwa nini?

— Kwamba sasa hawaulizwi.

Nicolaus alifikiria ukumbi ule: mameneja wa benki, walimu, wazazi wa wachezaji wa hoki. Alifikiria tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa halmashauri, kwa Kiingereza, mahali ambapo mtu wa mabandani hawezi kukanyaga. Hakuna aliyekuwa amewaambia.

Akaweka kikombe chini na kusimama.

— Mbona mapema? Bi Tahera alisema. Kahawa bado ipo.

— Wa shambani wanatoka kazini saa kumi na moja. Nikiondoka sasa nitawakuta.

— Ngoja, alisema Husein, akijipapasa mifukoni. Gari yangu ina joto zuri kuliko yako.

— Mbele nakaa mimi, alisema Kamrudin. Nina magoti.

Bi Tahera aliwafungia kababu kwenye foili, nyingi kupita mahitaji ya wanaume watatu, na hakutaja bei. Kisha akamvuta Zarina ndani ya duka, akamkalisha karibu na jiko.

Njia nzima hadi Dunmore Falls Husein na Kamrudin walibishana namna ya kuanza: Kamrudin alitaka wasome azimio lote, Husein alitaka waanze na chakula. Nicolaus alikaa nyuma, kababu za moto mapajani. Jua lilikuwa limeinama walipofika kwenye nyumba ndefu ya bati nyuma ya mabanda, wanakolala wafanyakazi. Ndani palikuwa na redio na sauti ya sufuria. Alipobisha, vyote vikanyamaza.

Walisubiri.

— Nani? sauti ya mwanamke iliuliza nyuma ya mlango, kwa Kiingereza.

Nicolaus alisogea karibu na mlango.

— Ni jirani, alisema kwa Kiswahili. Wa uwanja wa barafu. Kuna habari nzuri, mama.

Ilichukua muda. Kisha komeo likavutwa, mlango ukafunguka kidogo.