Fundo Moja la Dengelua

Pembeni ya stendi ya Same, pale magari ya kupanda mlimani yanaposubiri abiria, kuna benchi la mbao lililoegemea ukuta wa duka la dawa za mifugo. Muhidin huweka hapo birika lake la kahawa tangu saa moja asubuhi, na kashata kwenye sahani ya bati. Erasmo hukaa kulia; wanamwita Daktari kwa sababu zamani aliuza dawa ya kuogeshea mbuzi mnadani Lembeni. Hamidu hukaa kushoto. Huyo ni Wakili, maana aliwahi kuitwa mahakamani siku tatu kutoa ushahidi wa ng'ombe aliyepotea. Katikati, kila Jumanne, hukaa mzee Eliakunda, akishauza tangawizi yake, akingoja gari la kurudi kwake Mbaga. Tangu amzike mwanawe Anthony mwezi uliopita, mzee haji pale kwa ajili ya kahawa. Anakuja kusikia ni kitu gani kilimuua mwanawe. Yeye mwenyewe anakijua. Anaomba tu, kwa moyo wote, watu hawa wamtajie kingine.

— Mzee, mimi nimekaa nikalifikiria hili jambo, — Daktari alianza. — Kilichomuua Anthony ni kule kuacha.

— Kuacha nini?

— Pombe, Wakili! Mtu kanywa miaka kumi na tano, damu imeshazoea. Halafu unaikatia ghafla, kama unafunga bomba. Ini linakauka. Mbuzi ukimnyima chumvi ghafla anafanyaje?

— Anafanyaje?

— Si anakonda!

— Mbona Anthony alinenepa? — Muhidin aliuliza, akimimina.

— Ule haukuwa unene. Ule ulikuwa uvimbe.

Mzee Eliakunda aliipokea habari ya ini, akaigeuzageuza moyoni. Angeipenda iwe kweli. Lakini aliikumbuka shingo ya mwanawe ilivyoijaza kola ya shati, na magunia ya tangawizi aliyoyabeba mawili mawili hadi barabarani, akiimba pambio. Ini lililokauka haliimbi.

— Mimi hilo silikubali, — alisema Wakili. — Tatizo ni kule soba, alikokwenda kuachishwa pombe. Wanawapiga sindano kule. Hujawaona wakitoka? Anatembea taratibu, hatukani mtu, saa kumi na moja alfajiri yuko shamba. Kijana mzima wa kiume! Hiyo ni akili yake hiyo?

— Mtu akiacha pombe anakuwa Msabato tu, ndiyo zao, — alisema Muhidin.

— Hakuwa Msabato, — mzee alisema polepole. — Alikuwa Mlutheri. Tulikaa naye benchi la pili, mimi na yeye. Siku za meza ya Bwana alipokea mkate, kikombe akakiacha kipite.

— Ehe! — Wakili alipiga paja. — Si ndiyo hapo sasa! Watu walimwona anakwepa kikombe, wakajua huyu anameza vidonge.

— Vidonge vya nini?

— Daktari, wewe na udaktari wako wote hujui vidonge?

Maneno hayo hayakuwa mapya kwa mzee. Yalipanda mlima zamani, yakafika hadi jikoni kwake. Ndiyo maana ile Jumamosi ya mwezi wa kwanza, wakwe walipokuja kuleta mahari ya binti yake Doris, moyo wake ulikuwa na hofu. Katika ukoo wao, wakwe hawanywi mpaka mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba ile aonje kwanza dengelua, ile pombe ya miwa, mbele ya macho yao. Akionja, wanajua wamepokelewa kwa moyo safi. Asipoonja, wanaamka. Blessing, mke wa mdogo wake, alimnong'oneza: shemeji, mpe Anthony maji ya miwa yasiyochachuka, au aonje mdogo wake. Mzee alitazama nyuso za wakwe. Alizisikia zile habari za vidonge zikipita kutoka kiti hadi kiti. Akaijaza kata kwa mkono wake mwenyewe, akampa.

— Fundo moja tu, mwanangu, — alimwambia. — Usituaibishe.

Anthony alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayengoja neno lingine. Neno lingine halikuja. Alikunywa. Kata ikazunguka, watu wakapiga vigelegele. Wiki mbili baadaye alikuwa halali nyumbani. Mwezi wa tatu walimkuta asubuhi kwenye ndiva, lile bwawa tunalochimba mlimani la kugawia maji ya mashamba, viatu vikiwa vimebaki ukingoni kwenye tope.

— Nyote mnakosea, — Muhidin alisema. — Nilisikia kwa mtu anayejua. Wenye vilabu wana mganga wao huko tambarare. Mteja mkubwa akiacha, anasomewa.

— Anthony alikuwa mteja mkubwa, hilo halina ubishi.

— Sasa umeona?

— Na yule pepo wa pombe je? — Daktari aliongeza, sasa amesimama kabisa. — Kakaa ndani ya mtu miaka yote hiyo, ana kazi yake. Ukiacha, yeye anabaki hana kazi. Anafanya nini? Anamla mwenye nyumba!

— Hapo umeongea.

— Kwa hiyo usijilaumu, mzee wetu. Hakuna binadamu aliyehusika hapa.

Mzee Eliakunda aliinamisha kichwa. Wanamwonea huruma, aliona, na kila mmoja amemletea alichokuwa nacho. Hakuna kilichomtosha.

Hapo ndipo alipofika kijana mmoja mrefu, mkoba begani, mkononi mfuko wa sukari.

— Shikamooni wazee. Gari la Mbaga ni lipi?

— Marahaba. Ni hilo, linajaza. Keti upate kahawa. Unatoka wapi?

— Naitwa Sebastiani, natoka Moshi. Naenda kwenye msiba wa rafiki yangu, japo nimechelewa. Anthony. Tulilala chumba kimoja kule soba.

Wakili alisogea kidogo kwenye benchi. Muhidin alikuwa ameshashika kikombe; akakifuta, halafu akakifuta tena.

— Na wewe... umeacha? — Daktari aliuliza.

— Nimeacha, mzee. Leo siku ya mia tatu na kumi.

— Pole sana, — alisema Daktari, na sauti yake ilikuwa ya matanga kweli.

Kijana alitabasamu kidogo. Alionekana amezoea.

— Tulikuwa tunapigiana simu kila jioni, mimi na Anthony. Ile Jumamosi ya mahari ya dada yake nilimpigia mapema. Nikamwambia, kaka, shughuli kama hiyo usiende peke yako. Akacheka. Akasema, siko peke yangu, nipo na baba. Leo niko salama kuliko siku zote. Basi. Kuanzia siku ile hakupokea tena. Wiki iliyopita akapokea Doris, akaniambia.

Akaweka ule mfuko wa sukari juu ya benchi, ukamgusa mzee Eliakunda kwenye goti.

— Nimemletea baba yake mkono wa pole. Nataka pia kumuuliza siku ile ilikuwaje, maana nami kwetu kuna harusi mwezi ujao, na naogopa. Nitampata wapi baba yake?

Daktari alimtazama mzee, akakaa chini. Wakili alianza kuyachunguza makubazi yake.

Mzee Eliakunda aliomba moyoni: Bwana, nipe kusema. Konda aliita, Mbaga, Mbaga, wawili tu!

— Au hamumfahamu? — kijana aliuliza kwa upole.

Muhidin aliinamisha birika ili apate la kufanya. Yalitoka machicha tu.

Mzee alikuwa amekishika kikombe kitupu kwa mikono miwili, kama alivyoishika ile kata, wala hakujua pa kukiweka.