Puri za Sannamma

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kahawa cha Thimmaiah, hapa Mysuru, mkabala na soko la maua. Ubao wake umelainishwa na makalio yetu wenyewe, maana tunaukalia kila asubuhi tangu tustaafu. Yupo Lingaraju, tunayemwita Meja ingawa jeshi aliliona getini tu. Yupo Kempaiah, yaani Redio, kwa kuwa hazimiki. Nipo mimi. Na yupo Javaraya, aliyetupotea kwa miezi kadhaa baada ya kuanguka kwenye ngazi akavunjika nyonga. Alilala kitandani akigeuzwa kama mtoto mchanga, na aliyemgeuza, akamwosha na kumlisha ni mkewe, Sannamma.

Wiki hiyo alikuwa ameanza kutembea kwa fimbo, akarudi benchini, nasi tukamshukuru Mungu. Lakini asubuhi ninayoisimulia alishika kikombe bila kunywa. Tulipombana akasema kwamba jana yake alimpeleka mkewe hotelini kula chakula cha mchana.

— Sasa hapo ubaya uko wapi? Meja akauliza.

— Alilia.

Akatueleza pole pole. Alitaka kumwambia mkewe asante, lakini neno lenyewe lilikuwa halimtoki mdomoni, basi akaona bora amtoe. Sannamma alikuwa hajawahi hata siku moja kukaa hotelini akahudumiwa. Alivaa sari ya hariri aliyoivaa kwenye harusi ya binti yao, akachomeka asumini kwenye nywele. Wakaketi chini ya panka, majani ya mgomba yakatandikwa mbele yao, ukaja wali, dengu, mboga na achari. Mwanzoni bibi hakutulia. Alimwagiza mhudumu asimpe mzee pilipili nyingi, kisha akainuka akamtafutie maji. Mhudumu akamzuia kwa adabu.

— Kaa, mama. Leo kazi hiyo ni yangu.

Ndipo zikaja puri, vile vimkate vya ngano vya kukaangwa, zimetoka karaini sasa hivi, zimevimba. Sannamma akaitoboa ya kwake kwa kidole, mvuke ukampanda usoni, na machozi yakaanza kumtiririka. Hakutoa sauti. Alikula huku analia, akaongezwa, akala tena. Walipofika nyumbani alisema tu kwamba chakula kilikuwa kizuri, akaenda kuanua nguo.

— Nilitaka kumshukuru, nikaishia kumliza, Javaraya akasema. Labda kuna jambo nimemkosea na silijui.

Benchi halijui kukaa na swali bila jibu. Redio akasema ni achari. Hoteli zile hutia haradali kali, hata yeye iliwahi kumtoa kamasi mbele ya wakwe. Javaraya akamwambia kwamba achari hakuigusa. Meja akadai bibi alimkumbuka mwanawe aliyeko Muscat, maana mtoto huyo alipenda puri. Javaraya akasema mtoto alipiga simu asubuhi ileile, na mama yake alikuwa akicheka.

— Basi ni yule mhudumu, Meja akasema. Shemeji si alifiwa na kaka yake? Kaka mtu amezaliwa upya kwa sura nyingine, sasa anagawa puri.

— Mhudumu ana mvi kuliko mimi, Javaraya akajibu. Na marehemu alikufa juzijuzi.

Redio akainama, akashusha sauti. Binamu yake aliambiwa na mtu wa sokoni kwamba wapishi wa siku hizi hutia mafuta fulani kwenye karai, mteja akivuta mvuke wake roho inalainika, anarudi kila wiki.

— Redio, zima, nikamwambia. Mwenzako hajalala.

Kwa kweli Javaraya alikuwa na macho mekundu. Tulimpenda, na tulikuwa tunampa takataka.

Mkwe wa Thimmaiah, kijana wa Hubballi aitwaye Basavaraj, alikuwa amefika jana yake kumsalimia baba mkwe wake. Alikuwa amekaa pembeni juu ya gunia la sukari, amesikia yote. Akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia:

— Kwani nyumbani mama hula saa ngapi?

Javaraya akaanza kuhesabu saa kwa vidole, akaacha katikati. Akamtazama Meja. Meja akatazama soko la maua. Redio akakoroga kahawa yake upya. Mimi nilijaribu kumwona mke wangu akiwa na sahani mbele yake, nikauona mgongo wake tu, jikoni, akinichomea chapati nyingine nisije nikala iliyopoa; yeye hula mwisho, iliyobaki.

Javaraya akachukua fimbo yake akaondoka. Kahawa yake ilibaki.

Kesho yake alikuja amechelewa, kidole kimefungwa kitambaa. Hatukumuuliza, akasema mwenyewe. Usiku ule alikataa kuandaliwa chakula. Alimkalisha mkewe kwenye mkeka, akasimama yeye jikoni na fimbo yake, akamimina rojo la mchele kwenye chuma cha kuchomea dosa, zile chapati nyembamba za mchele. Za kwanza ziligandia. Bibi alimwelekeza kutoka pale alipokaa, huku akimcheka, mpaka ikatoka moja nzima. Akampelekea mkononi, moto moto, akasimama hapo mpaka mkewe alipoimeza.

— Ukamwambia asante? nikamuuliza.

— Nilimwambia. Nikiwa nimempa mgongo, nageuza nyingine.

— Naye akasemaje?

Javaraya akanywa kahawa yake kwanza. Safari hii aliimaliza.

— Alisema chumvi imezidi. Kisha akasogeza sahani, nimwongeze.