Bloku Iliyozikwa Jivuni

Baraza ya mashine ya Khairiya, hapo Pujini, ina benchi moja la mnazi lililopinda katikati kwa uzito wa watu wasio na haraka. Kila asubuhi hukaliwa na wale wale. Kuna Chifu, ambaye jina lake ni Mmanga; zamani alikuwa mtu wa kupaka mafuta injini ya boti ya Tanga, na tangu aliposhuka botini amekuwa akijipandisha cheo mwenyewe. Kuna Waziri, yaani Maher, aliyekaa kamati ya maji ya shehia kwa miezi minane. Na kuna Abrahman muuza kahawa, ambaye hakai sana kwa kuwa mikono yake haina nafasi. Asubuhi ile, hatua mbili mbele ya benchi, palikuwa na pipa lililokatwa nusu, limejaa jivu na chokaa, na ndani yake imezikwa bloku ya injini ya kukobolea mpunga. Jana alasiri Fundi Taher wa Wete aliipasha moto kwenye makaa mpaka ikaiva nyekundu, akauchomelea ufa wake kwa vijiti vitatu vya mwisho alivyokuwa navyo, kisha akaifukia. "Chuma cha namna hii kikipoa upesi hupasuka," alimwambia Khairiya. "Kipoe polepole, pande zote sawasawa. Mpaka kesho alasiri, asitie mtu hata kidole."

Khairiya alikuwa ndani, nyuma ya mlango ulioegeshwa, akipangusa mkanda wa mashine ambao haukuwa na vumbi. Yeye alikuwa keshatia kidole. Alitia alfajiri, mara tu baada ya swala, kwa sababu usiku kucha hakulala akiuwaza ule ufa. Mashine aliachiwa na marehemu baba yake, na ami yake Nabhan alikuwa ameshasema: ikifika Jumamosi haijazunguka, inapandishwa lori la chuma chakavu. Bloku mpya, kwa bei yake, haikuwa ya kuzungumzwa. Basi alifukua kiasi cha kiganja, akaona mshono wa kijivu uliojikunja kama jongoo, asijue kama ni mzuri au mbaya, akafukia upesi huku vidole vikimuwasha kwa joto.

— Sasa huyu maiti anazikwa au anapikwa? aliuliza Waziri, akilielekezea pipa bakora yake.

— Inapoa, ami, alijibu Khairiya kutoka ndani.

— Inapoa kwa kufunikwa? Weye siku ukishikwa na homa tukufukie jivuni?

— Mwache mtoto, alisema Chifu. Nyie wa nchi kavu mambo haya hamyajui. Sie bloku ilitupasukia katikati ya mkondo, Tanga haionekani, Pemba haionekani. Nahodha akaitisha mayai. Mayai thelathini! Tukatoa ute, tukaukoroga na saruji, tukaziba. Tukafika Tanga, tukarudi Wete, tukenda tena Tanga.

— Juzi yalikuwa ishirini, alisema Abrahman, akimimina.

— Ishirini ya kwendea. Kumi ya kurudia.

— Na viini?

— Viini tulikula. Ulitaka tuwatupie papa?

Abrahman alicheka, akagonganisha vikombe. Waziri hakucheka. Alikuwa ameinama, anaukodolea macho ule mlima wa jivu kama mtu anayesoma tangazo la serikali.

— Mie n'na wasiwasi na huyu fundi, alisema. Kazi nzuri haifichwi. Mtu akuchomelee, halafu akufukie, halafu akwambie usiangalie mpaka kesho? Kesho yeye yuko Wete anakunywa chai. Mficha uchi hazai!

— Hiyo ya uzazi, Waziri, alisema Abrahman.

— Na bloku haizai? Inazaa mchele.

Akaichomeka bakora jivuni. Jivu likaporomoka upande mmoja, na kutoka ndani ukapanda mvuke mwembamba wa joto uliotikisa hewa. Khairiya alifika mlangoni kabla hajajijua.

— Ami Maher, tafadhali! Fundi kasema isiguswe.

— Sijagusa. Nimechungulia tu. Jicho halina baridi, mwanangu.

— Isipoe upande mmoja, ami. Kasema pande zote sawasawa.

— Basi nichungulie na upande wa pili, ziwe sawasawa.

Chifu akajipiga kofi gotini kwa kicheko. Khairiya alisogea akalirudishia jivu kwa kipande cha bati, akilipapasa taratibu kama anayemfunika mtoto. Maneno yalimjaa kinywani. Lakini hawa ndio waliobeba jeneza la baba yake, na kila alipotaka kuwakaripia aliiona alama ya kiganja chake mwenyewe, ijapokuwa jivu lilikuwa limeshasawazishwa na alama hakuna. Akarudi ndani.

— Kwani mnajua ilipasuka kwa nini? aliuliza Waziri.

— Bibie alitia maji baridi, alisema Abrahman kwa sauti ndogo. Maji yalikwisha ndani, injini moto, watu wamepanga foleni na mapakacha yao, akachota ya kisimani akamimina.

Nyuma ya mlango, mkanda ulisimama mkononi mwa Khairiya.

— Maji! Waziri alitema upande. Maji hayapasui chuma. Meli zote zi majini. Sikilizeni n'waambie. Ile injini ina namba imepigwa ubavuni. Watu wanadhani namba ya kiwanda. Ile ni ajali yake! Huko inakotengenezwa wanaijua siku yake ya kufa. Ikifika, hata uioshe kwa zamzam.

— Astaghfirullah, alisema Abrahman.

— Nimeiona kwenye kamati. Pampu yetu ilikuwa na namba vile vile, ikafa.

— Ilikufa kwa kuwa mliuza nyaya zake, alisema Chifu. Kweli yenyewe ni hii. Pale kwenye magofu ya ngome, chini, kuna chuma cha watu wa kale. Minyororo, mapanga, mizinga. Chuma huita chuma mwenzake. Mashine hii imesimama hapa miaka kumi na sita inavutwa chini, usiku na mchana, pole pole. Kitu kikivutwa hivyo lazima kichanike.

— Na ng'ombe wa Bi Mwatum mbona hachaniki? aliuliza Waziri.

— Ng'ombe ana chuma?

— Ana kengele.

— Ndiyo maana anachechemea!

Hapo Abrahman akalitikisa dele lake la kahawa, akaligusa ubavu kwa nyuma ya mkono, akakunja uso. Makaa ya jiko lake dogo yalikuwa yamezimika zamani. Akaangalia pipa.

— Moto wote huu unapotea bure, alisema. Kuacha neema ikapotea ni israfu.

— Mkono mmoja haulei mwana, alisema Chifu, ingawa hakuna aliyejua mwana ni nani hapo. Litie.

Abrahman akalididimiza dele jivuni, akalizungusha kulia na kushoto mpaka likakaa.

— Abrahman! Khairiya alitoka tena, safari hii mtandio umemshuka begani. Litoe, tafadhali, litoe!

— Bibie, hili nalo lina moto wake. Nakusaidia kuipasha.

Haikuwa kweli, na Khairiya aliijua hesabu yake. Dele lilikuwa vuguvugu. Ndiyo sababu likatiwa. Joto lolote litakalopata, linalitoa kwenye bloku, na linalitoa upande mmoja tu. Alitaka kuyasema hayo kwa mpangilio, kama alivyokuwa akiyasema darasani enzi za shule, lakini Waziri alikuwa ameshamwinulia mkono.

— Kunywa kikombe nawe, utulie. Umekonda kwa chuma.

— Sitaki kahawa, ami. Nataka litoke.

Abrahman akalichomoa, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Pakabaki shimo la duara, na chini kabisa ya shimo ukaonekana weusi wa bloku. Ndipo wakasikia kitu. Kililia mara moja, ting, kidogo na safi.

Watu wote wanne wakaligeukia pipa.

— Kikombe hicho, alisema Chifu.

— Vikombe vyangu vyote mnavyo nyie, alisema Abrahman.

— Basi jiwe. Gari limerusha jiwe.

— Gari gani?

— Chuma kikifurahi hulia, alisema Waziri. Kinashukuru hewa. Hata mtu akitolewa chini ya blanketi...

Hakumaliza. Khairiya alikuwa amepiga magoti anajaza shimo kwa mikono mitupu, na hakuna aliyemwambia jivu litamchoma.

Fundi Taher aliahidi alasiri, lakini alipata gari ya mapema kutoka Wete. Alishuka njiani na mfuko wake wa vifaa, akasalimu, wakaitikia salamu kwa urefu kuliko kawaida. Hakukaa. Alilizunguka pipa mara moja. Akauingiza mkono kulia, akauacha hapo kwa muda. Akauingiza kushoto.

— Huku moto, alisema. Huku baridi.

Akachukua bati, akaifukua bloku mpaka kati, maana sasa hapakuwa na la kungojea. Akaipangusa kwa kitambaa, akapaka mafuta ya taa juu ya mshono na pembeni yake, akangoja yapenye penye ufa kama upo, akayafuta yote mpaka chuma kikakauka. Kisha akanyunyiza unga wa chokaa. Bloku ikawa nyeupe kama andazi. Chifu, Waziri na Abrahman walinyoosha shingo. Khairiya alisimama mikono nyuma.

Mshono ulibaki mweupe. Lakini inchi mbili kando yake, mahali pazima pasipokuwa na ufa jana, mafuta yalianza kurudi juu. Kwanza nukta. Kisha uzi. Uzi ukashuka ukipinda, polepole, mpaka chini, mweusi juu ya weupe.

— Nilipochomelea pameshika, alisema Fundi Taher. Hapa pamepasuka kwa baridi. Na vijiti sina tena. Akauangalia ule uzi, kisha akawaangalia wao. Nani kafukua?

Khairiya aliwapa muda, alihesabu kimoyomoyo mpaka saba.

— Mie, alisema. Alfajiri. Kwa vidole.

Fundi aliangalia vidole vyake vyekundu, vyembamba. Halafu akaangalia jivu lililoporomoka upande wa benchi, na lile duara, pana kama kitako cha dele.

— Kwa vidole, alirudia. Na nani mwengine?

Waziri alikuwa akiisugua ncha ya bakora kwenye mguu wa suruali yake. Abrahman alilipindua dele juu ya kikombe, na halikutoka tone. Akavikusanya vikombe kimoja kimoja, akivishika visilie.

Chifu akainuka, akajikung'uta, akasema adhuhuri imekaribia, watu wakatawadhe. Ilikuwa saa nne na robo.