Dakika Nne Mbele

Benchi lile lilikuwa na miguu minne: mitatu ya kwake, mmoja wa kuazima, yaani tofali. Liliegemea ukuta wa kibanda cha Fundi Saa, chini ya dirisha lenye saa ya ukutani, na wenyeji wake walikuwa watatu bila kumhesabu Fundi mwenyewe, ambaye siku zote alidai yuko kazini. Kulikuwa na Kibali, tarishi mstaafu, aliyebeba mafaili ya wizara miaka thelathini na tano mpaka akaanza kuongea kama faili. Kulikuwa na Bibie Nakala, mwenye mashine ya kutoa kopi kibanda cha pili. Na kulikuwa na Profesa, aliyesoma kurasa za mwanzo za vitabu vingi sana. Alasiri hiyo kahawa ilianza kupoa vikombeni, kwa sababu Fundi alikuwa amerudi kutoka Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Teknolojia, mitaa miwili tu kutoka pale, amevimba kama chura.

— Someni wenyewe, maana mimi nikisoma tena nitapasuka, alisema, akawatupia kikaratasi alichonakilia maandishi ya kioo cha makumbusho.

Bibie Nakala akasoma kwa sauti:

— "Saa ya mnara wa posta. Ilikuwa na hitilafu: ilitangulia dakika nne. Mtunzaji: hajulikani."

— Hajulikani! Fundi akapiga goti. Mzee Dakika Nne hajulikani!

Mzee Dakika Nne ndiye aliyemfundisha Fundi kazi miaka kumi na moja, na ndiye aliyekalia ile ncha ya benchi yenye tofali mpaka alipofariki mwaka jana. Kila Jumatatu alipanda mnara na kuusogeza mshale mbele kwa makusudi, ili karani mchelewaji awahi, na mwenye barua ya haraka asikute dirisha limefungwa. "Ukimsogezea mtu mshale," alizoea kumwambia Fundi, "umempunguzia aibu."

— Hitilafu! Huruma ya mtu wanaiita hitilafu!

— Tulia, Fundi, alisema Kibali. Serikali haikosei, huwa inachelewa kupata taarifa. Mzee alikuwa na barua ya ajira?

— Barua ya nini? Alikuwa na ngazi na kopo la mafuta.

— Basi. Bila barua hakuna faili, na bila faili hakuna mtu. Kiutaratibu, ile saa ilijitunza yenyewe.

— Na kibao cha mlangoni mwa makumbusho je? aliuliza Bibie Nakala. Kina majina kumi na saba. Mpaka la aliyeshika mkasi wa kukatia utepe!

— Mkasi ulikuwa na faili.

Profesa akakohoa, na benchi zima likajua limekwisha.

— Nyinyi hamuoni mbali. Dakika nne kila siku, kwa miaka thelathini! Hizo ni dakika za umma. Wakiandika jina lake, kesho mkaguzi atauliza zilikwenda wapi. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Methali haiulizwi inaingiaje, Bibie. Inakaribishwa.

— Mimi nawaambia ile si saa yenyewe, alisema Bibie Nakala. Ni kopi. Mimi kopi naijua hata usiku wa kiza. Yenyewe iko sebuleni kwa mkubwa fulani. Hamjaona siku hizi yupo mkubwa anayewahi kazini?

Hilo lilitisha.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, akaongeza Profesa, ndiyo maana saa ikapewa mishale miwili.

— Acheni upuuzi, tuandike barua, alisema Fundi. Bibie, shika kalamu. "Sisi wa benchi hili tulimjua marehemu nje ndani. Mji mzima unamjua. Anayesema hajulikani, yeye ndiye asiyejulikana."

— Weka "kwa heshima na taadhima", alisema Kibali. Tusi bila taadhima halipokelewi masjala.

Walikuwa bado wakibishana taadhima ikae wapi alipotokea binti mwenye kitambulisho cha makumbusho shingoni na fomu mkononi.

— Shikamooni. Namtafuta fundi aliyekuja kutugombeza asubuhi.

— Marahaba. Umempata, na hajamaliza.

— Mkurugenzi amekubali turekebishe. Vibandiko vipya vinakwenda kuchapwa leo, na fomu zinapokelewa mpaka saa kumi. Ikipita hapo tungojee mwaka ujao. Naomba jina la marehemu tu.

— Mzee Dakika Nne! walijibu kwa pamoja.

— Jina lake hasa?

Fundi akamtazama Kibali, Kibali akamtazama Profesa, naye Profesa, kwa mara ya kwanza tangu benchi lipate tofali, hakuwa na nadharia.

— Tumuulize mkewe, alinong'ona Bibie Nakala.

— Mama Dakika? Kahamia kwa dada yake. Na huyo dada tunamwitaje? alisema Fundi.

— Kwenye shada la mazishi tuliandika nini? aliuliza Bibie Nakala.

— "Mzee Dakika Nne, hatutakusahau kamwe," alisema Kibali, akainamisha kichwa.

Fundi aliitazama ile ncha ya benchi. Miaka kumi na moja alimwita "mwalimu", na mwalimu aliitika. Sasa lile "hajulikani" la kioo cha makumbusho, alilolitukana tangu asubuhi, lilikuwa limekuja kukaa katikati yao.

— Fomu ina visanduku vingapi? aliuliza hatimaye.

— Vitatu. La kwanza, la kati, la ukoo.

— Andika. La kwanza, Mzee. La kati, Dakika. La ukoo, Nne.

Binti akasita, akawatazama wote wanne, akaandika. Kisha akainua macho kwenye saa ya dirishani.

— Mungu wangu, saa kumi! Wamefunga!

— Bado, mwanangu, alisema Fundi. Hiyo imetangulia dakika nne.

— Kumbe ina hitilafu?

— Haina. Kimbia.